Kabla ya Kulipa Karo ya Uuguzi: Chuo, Baraza na Wodi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, familia nyingi za Mombasa huketi na swali moja: mtoto anataka kuwa nesi, basi apelekwe wapi? Ushauri hauadimiki. Jirani wa Majengo atasema kuna chuo mjini kinachotoa wauguzi kwa miezi sita. Shangazi wa Changamwe atashikilia kwamba pa kusomea uuguzi ni KMTC tu, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Binamu aliye ng'ambo atapiga simu kusema kwamba bila digrii hakuna safari. Kila mmoja ana chembe ya ukweli mkononi, ila wanazungumzia mambo tofauti kabisa, na mzazi anayesikiliza hana njia ya kuyatenganisha kabla ya kutoa pesa.

Mkanganyiko huu una gharama. Wako vijana waliomaliza masomo yao, wakavaa joho, kisha wakagundua kwamba hawawezi kufanya kazi ya uuguzi popote nchini kwa sababu hatua moja ya mwanzo ilirukwa. Ndiyo sababu ni muhimu kulisema hili mapema: anayejiandaa kusomea digrii ya uuguzi anahitaji kukubaliwa na pande tatu. Chuo kikuu kimkubali kama mwanafunzi, Baraza la Wauguzi la Kenya limkubali kama mwanafunzi wa uuguzi, na wodi imkubali kama mtu anayeweza kukabidhiwa uhai wa mwenziwe. Barua ya chuo pekee inajibu sehemu ya kwanza tu.

Nani hasa anaitwa muuguzi

Kwa sheria za Kenya, Sura ya 257, muuguzi ni mtu aliyesoma kozi iliyoidhinishwa na Baraza, akafaulu mtihani wa Baraza, akaandikishwa na kupewa leseni. Kuvaa nguo nyeupe na kujua kudunga sindano hakutoshi.

Ndani ya uuguzi wenyewe kuna ngazi. Ipo ya cheti, ambayo wahitimu wake huandikishwa katika daraja la chini la taaluma. Ipo ya diploma, inayochukua takribani miaka mitatu na kufundishwa katika vyuo kama KMTC, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1927 na yenye kampasi hapa Mombasa. Kisha ipo digrii, yaani Shahada ya Sayansi ya Uuguzi, ambayo huchukua miaka minne chuoni na kufuatwa na mwaka mmoja wa unagenzi hospitalini, yaani kazi ya mafunzo chini ya usimamizi. Wenye diploma na wenye digrii wote ni wauguzi waliosajiliwa kikamilifu. Hushika zamu pamoja, na si ajabu kumkuta mwenye diploma aliyehudumu miaka kumi akimfundisha kazi mwenye digrii aliyewasili jana.

Kozi za miezi mitatu au sita za kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani ni jambo jingine. Kazi hiyo ni ya heshima na ina soko lake, hapa na nje ya nchi, na anayeichagua akijua anachochagua hajakosea. Hata hivyo kozi hiyo haimwingizi mtu katika rejista ya Baraza, na muda alioutumia huko hauhesabiwi kuwa sehemu ya digrii ya uuguzi. Tangazo linaloahidi "uuguzi" kwa miezi sita linauza huduma hii kwa jina la taaluma nyingine, na kwa maoni yangu huo ni udanganyifu unaowakamua watu wasio na cha ziada.

Kazi yenyewe ni ipi

Wengi humdhania muuguzi kuwa msaidizi wa daktari, mtu wa kupokea amri na kuitekeleza. Dhana hii ndiyo inayomfanya mzazi ajiulize kwa nini mtu asome miaka minne ili apime joto la mwili.

Chukua mfano wa mama aliyejifungua saa nane za usiku. Mtoto yuko salama, kondo la nyuma limetoka, daktari amekwenda kumhudumia mwingine. Saa zinazofuata ndizo za hatari zaidi kwa mama huyo, kwa maana kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni mojawapo ya sababu kuu za vifo vya akina mama wanaojifungua duniani. Kwa muda mrefu kipimo kilichotumika kutambua hatari hiyo kimekuwa nusu lita ya damu, ambayo mtu asiyefunzwa anaweza kuiona kwenye shuka na kudhani ni kawaida. Anayekaa karibu na mama huyo ni muuguzi. Anapapasa tumbo kuhakikisha kwamba mji wa mimba umejikaza, anahesabu mapigo ya moyo, anapima shinikizo la damu, anaangalia rangi ya midomo. Mapigo yakipanda huku shinikizo likishuka, anajua kwamba mwili unapoteza damu hata kama haionekani. Anausugua mji wa mimba ujikaze, anamwekea dripu, anatoa dawa ya kuukaza kwa kufuata mwongozo uliopo, na huku akifanya hayo anaagiza daktari aitwe. Daktari anapofika, nusu ya vita imeshapiganwa au imeshapotea.

Hapo pana maarifa ya anatomia, fiziolojia na famasia, na pana uamuzi uliofanywa na mtu mmoja bila kungoja amri. Ukunga, uuguzi wa watoto, wa afya ya akili, wa upasuaji na wa afya ya jamii vyote vimo ndani ya digrii hii. Daktari hutafuta ugonjwa na kupanga tiba. Muuguzi humtunza mgonjwa kwa ujumla wake saa zote ishirini na nne, hutambua mabadiliko kabla hayajawa msiba, hupanga utunzaji wake na kupima kama umefaulu. Taaluma hizi mbili hukutana kitandani kwa mgonjwa, na moja si kivuli cha nyingine.

Alama: wastani hautoshi

Sharti la kujiunga na digrii ya uuguzi moja kwa moja kutoka sekondari ni wastani wa C+ katika KCSE. Watu wengi huishia hapo. Sehemu ya pili ndiyo inayowaangusha: mwanafunzi anatakiwa awe na C+ katika Kiingereza au Kiswahili, katika Biolojia, katika Kemia, na katika Hisabati au Fizikia.

Mtahiniwa anaweza kuwa na wastani wa B kwa sababu alifanya vizuri sana katika Historia, Dini na Biashara, lakini akawa na C katika Kemia. Huyo hana sifa za kusomea digrii ya uuguzi, ilhali mwenzake mwenye wastani wa C+ iliyosambaa vizuri anazo. Inauma, lakini ni afadhali iume mwezi wa kwanza baada ya matokeo kuliko mwaka wa pili chuoni.

Hata mwenye sifa zote bado hajahakikishiwa nafasi. KUCCPS, shirika la serikali linalowapanga wanafunzi vyuoni, hukokotoa alama za kila mwombaji kwa kila kundi la kozi, kwa kutumia masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo, na alama ya juu kabisa ni 48. Uuguzi ni kozi inayoombwa na wengi wakati nafasi ni chache, kwa sababu idadi ya wanafunzi hutegemea pia wodi na wakufunzi waliopo. Kwa hiyo kiwango cha mwisho cha kuingilia hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka kulingana na ushindani. C+ inakuruhusu kuomba, haikupi kiti. Anayejaza fomu na asome viwango vya mwaka uliotangulia kwa kila chuo, kisha asiweke machaguo yake yote katika vyuo vinavyogombaniwa zaidi. Kwa anayetaka kubaki Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, yapata kilomita sitini kutoka Mombasa, kinafundisha digrii hii.

Ipo njia ya kujiunga na chuo moja kwa moja na kujilipia. Hapo ndipo mzazi anapoweza kuambiwa kwamba masharti ya masomo "yatashughulikiwa". Hayawezi kushughulikiwa, kwa sababu hati ya KCSE itakaguliwa tena na watu wasio wa chuo.

Chuo hufundisha, Baraza husajili

Hili ndilo fundo lenyewe, na linastahili kufunguliwa polepole.

Mfikirie mtu anayejifunza udereva. Anaweza kwenda shule, akajifunza gia, akajua alama zote za barabarani na kuendesha kwa ustadi hadi Malindi na kurudi. Lakini hata awe hodari vipi, hawi dereva mbele ya sheria mpaka mamlaka ya usafiri imtahini na kumpa leseni, na haitamtahini ikiwa shule aliyosomea haitambuliwi au ikiwa hakuandikishwa kuwa mwanafunzi tangu mwanzo. Akipata leseni, bado lazima aifanye upya.

Uuguzi unafuata utaratibu huo. Chuo kikuu ndicho shule. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu husimamia vyuo kama vyuo, na chuo kinaweza kuwa halali kabisa, chenye hati ya serikali na mahafali ya kila mwaka, ilhali kozi yake ya uuguzi haijaidhinishwa na Baraza. Uidhinishaji wa Baraza huangalia kozi yenyewe: mtaala, wakufunzi, maabara ya mazoezi, na hospitali ambako wanafunzi watafanyia kazi kwa vitendo. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama chuo fulani "kimeidhinishwa". Uliza ni kozi ipi na ni kampasi ipi. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya diploma bila ya digrii, na makao yake makuu yakiwa na idhini, tawi lililofunguliwa mjini kwetu lisidhaniwe kuwa nalo limo mpaka jina lake lionekane. Orodha ya taasisi zilizoidhinishwa huwekwa na Baraza katika tovuti yake, wala haihitaji mtu wa kujuana naye.

Baada ya kupokelewa chuoni, jina la mwanafunzi hupelekwa kwa Baraza pamoja na hati zake za KCSE na kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. Baraza likiridhika, linampa namba ambayo wanafunzi huiita indeksi. Namba hiyo ndiyo ushahidi kwamba nchi inamtambua kama mtu anayesomea uuguzi. Bila indeksi hakuna mtihani wa Baraza, na bila mtihani hakuna leseni, hata kama shahada yenyewe imeandikwa kwa wino wa dhahabu. Mwenye C ya Kemia aliyepenyezwa chuoni hugundulika hapa, na karo aliyokwisha kulipa hairudi kwa urahisi.

Nasihi moja ya vitendo kwa mzazi anayezuru chuo kabla ya kulipa: baada ya kuzungumza na ofisi ya usajili, tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wa kozi hiyo hiyo, uwaulize kama wamepata indeksi, walipata lini, na hufanya mazoezi hospitali gani. Majibu yao yana thamani kuliko brosha. Chuo chenye kozi halali hakioni shida kukuonyesha barua yake ya idhini.

Majina pia huleta taabu. Ikiwa cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja, hati ya KCSE jina jingine na kitambulisho kikageuza mpangilio, jambo la kawaida katika familia zetu ambako majina ya ukoo huandikwa kwa namna nyingi, lirekebishe sasa. Mlolongo wa kurekebisha jina huwa mrefu zaidi mtihani wa leseni ukishakaribia.

Miaka minne ikiisha, safari haijaisha. Kuna mtihani wa Baraza, na kuna mwaka mzima wa unagenzi katika hospitali iliyokubaliwa, ambapo mhitimu hufanya kazi chini ya usimamizi. Nafasi za wanagenzi wanaopangwa na serikali hutegemea bajeti, na katika miaka ya karibuni wahitimu wa fani za afya wamewahi kungoja kwa miezi kadhaa kabla ya kupangiwa hospitali. Mzazi anayehesabu kwamba mtoto ataanza kulisaidia kapu la nyumbani mwaka wa tano na ajue kwamba huenda muda huo ukasogea. Usajili kamili ukipatikana, leseni hufanywa upya kwa vipindi, na muuguzi hutakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza.

Pesa, kwa ufupi

Kupangiwa chuo na KUCCPS hakumaanishi kwamba karo imelipwa. Ufadhili na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, huombwa kando, na asiyeomba hapati. Tangu mwaka 2023 serikali imekuwa ikitumia utaratibu unaogawa gharama kati ya ufadhili, mkopo na mchango wa familia kulingana na hali ya nyumbani. Utaratibu huo umepingwa mahakamani, kwa hiyo soma masharti ya mwaka wako na usitegemee ya kaka yako. Basari za NG-CDF, yaani mfuko wa eneo bunge, na za kaunti, zikiwepo, zina tarehe zake. Juu ya karo ongeza unifomu, vifaa, ada za Baraza, na nauli na malazi wakati wa mazoezi hospitalini. Hayo ya mwisho ndiyo husahaulika, na ndiyo humfanya mwanafunzi akose kwenda wodini katikati ya muhula.

Miezi ya kungoja

Kati ya matokeo na siku ya kuripoti kuna miezi ambayo wengi huipoteza. Mwaka wa kwanza huanza na anatomia, fiziolojia, baiokemia, mikrobiolojia, na misingi ya uuguzi, pamoja na saikolojia na sosholojia, na kasi yake huwashangaza hata waliopata A ya Biolojia. Anayerudia mada za moyo na mzunguko wa damu, figo, upumuaji na homoni kutoka vitabu vyake vya kidato cha tatu na cha nne ataingia darasani akiwa na pa kushikia.

Jambo ambalo mwanafunzi mgeni hulidharau ni hesabu. Si hesabu ngumu, bali ni hesabu isiyosamehe. Tuseme mtoto wa kilo 12 ana homa na ameandikiwa parasetamoli kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 180. Chupa iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Basi 180 gawa kwa 120 ni moja na nusu, mara 5 ni mililita 7.5. Nukta hiyo ikiruka, inakuwa 75, yaani mara kumi ya kipimo, na dawa ya kawaida kabisa inageuka sumu ya ini.

Au mgonjwa ameandikiwa lita moja ya maji ya dripu iishe kwa saa nane, na mpira uliopo hutoa matone 20 kwa kila mililita. Lita moja ni mililita 1,000, ambazo ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Ukigawa, unapata karibu matone 42 kwa dakika, na muuguzi husimama kando ya dripu akiyahesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde. Mzee mwenye moyo dhaifu akipewa maji hayo kwa saa mbili badala ya nane, mapafu yake yanaweza kujaa maji. Mwanafunzi anayefanya mazoezi ya desimali, uwiano na kubadilisha vipimo sasa, bila kikokotoo, anajiandaa kwa wodi kuliko anayenunua stetoskopu ya bei kubwa. Florence Nightingale, aliyefungua shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, alikuwa pia mtaalamu wa takwimu, na hoja zake za kutaka hospitali safi alizijenga juu ya tarakimu za vifo vya askari.

Masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Wagonjwa wa Mombasa, Kilifi na Kwale huzungumza Kiswahili na lugha za Kimijikenda. Mwanafunzi anayeweza kumweleza bibi wa Likoni kwa Kiswahili chepesi kwa nini hapaswi kuacha dawa ya presha siku anapojisikia vizuri, anatoa tiba ambayo haimo ndani ya chupa yoyote. Ustadi huu nao hufanyiwa mazoezi.

Mwili na moyo wa kuingia wodini

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ianze mapema, kwa sababu hutolewa mara tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita. Anayengoja kuripoti ndipo aanze, huenda akaingia wodini kinga yake ikiwa haijakamilika. Ajue pia kwamba akichomwa na sindano iliyotumika hapaswi kunyamaza kwa aibu: anaosha mahali hapo kwa maji na sabuni, anatoa taarifa papo hapo, na dawa za kuzuia VVU huanzishwa haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita.

Mikono ya muuguzi ni chombo cha kazi na pia njia kuu ya kubebea vijidudu kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Kunawa kwa sabuni kunakotakiwa huchukua sekunde 40 hadi 60, muda mrefu kuliko tunavyonawa kabla ya kula. Kwa mabinti wetu wa Pwani: kucha ziwe fupi na za asili, kwani za kubandika hazifai wodini, na pete na bangili zibaki nyumbani. Kuhusu hina na piko baada ya harusi, na kuhusu namna ya kuvaa hijabu pamoja na unifomu, ulizia kanuni za chuo na hospitali kabla ya kushona nguo, kwa sababu kila mahali pana maelekezo yake.

Zamu ni za asubuhi, alasiri na usiku, na hazijui Idi wala Krismasi. Anayeishi Likoni na kupangiwa Hospitali ya Rufaa ya Pwani afikirie foleni ya feri alfajiri, na afikirie usalama wa njia zamu ikiisha usiku. Anayefunga Ramadhani azungumze mapema na msimamizi wa wodi kuhusu muda wa kufuturu. Mara nyingi wenzake watampokea kwa dakika chache, na yeye atawapokea siku yao.

Kuogopa damu si kizuizi. Wengi huogopa mwanzoni, na hofu hupungua kadiri mikono inavyopata kazi ya kufanya. Kilicho kigumu zaidi ni kifo cha kwanza. Mwanafunzi atamhudumia mtu siku tatu, atazoea jina lake na utani wake, kisha siku ya nne atasaidia kuusitiri mwili wake. Hakuna somo linalomwandaa mtu kikamilifu kwa hilo, lakini anayejua kwamba siku hiyo itakuja, na aliye na mtu wa kuzungumza naye, huivuka vizuri zaidi kuliko anayejilazimisha kuonekana mkakamavu. Vilevile kuna mazoezi katika wodi za afya ya akili, na hapo mwanafunzi hulazimika kuacha mlangoni mengi aliyosikia mtaani kuhusu "wendawazimu".

Maneno ya mtaani

Husemwa kwamba uuguzi ni wa wanawake. Rejista ya Baraza haina sharti la jinsia, na wanaume wamejaa madarasani na wodini, hata kama wagonjwa wengi bado huwaita daktari. Husemwa kwamba mwenye digrii hukaa ofisini na hamgusi mgonjwa. Ukweli ni kwamba huanza kazi kitandani kwa mgonjwa, na digrii humfungulia baadaye njia ya ualimu, utafiti, uongozi na shahada za juu. Husemwa pia kwamba ni kozi ya walioukosa udaktari. Anayeingia na fikra hiyo huishi miaka minne akitamani kazi ya mwingine, na ningemshauri afikiri upya kabla ya kuchukua nafasi ya anayeitaka. Uuguzi una heshima yake wenyewe: Anna Qabale Duba, muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Marsabit, alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya dola 250,000 mwaka 2022 kwa kazi aliyoifanya katika jamii yake dhidi ya ukeketaji na kwa ajili ya elimu.

Lililoenea zaidi ni la ng'ambo. Ni kweli kwamba Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wauguzi mwaka 2021, na kwamba nchi nyingi zinatafuta wauguzi. Lakini kila nchi ina baraza lake na mitihani yake: Marekani ina mtihani wa NCLEX, na Uingereza ina mtihani wa kompyuta na mwingine wa vitendo, pamoja na kipimo cha lugha. Swali la mwanzo huko kwa kawaida ni kama umesajiliwa nyumbani. Asiye na usajili wa Baraza hapa atapata taabu kuanza kule.

Ukikosa nafasi ya digrii

Mwenye wastani wa C, au mwenye C+ ambaye masomo yake hayakutimia, anaweza kuomba diploma, ambayo masharti yake ni mepesi kidogo. Akihitimu na kusajiliwa, anaweza kufanya kazi, kisha akajiunga na programu ya kuwapandisha wenye diploma hadi digrii, ambayo huwa fupi kuliko miaka minne kwa sababu sehemu ya mafunzo imeshafanyika. Wauguzi wengi walioko wodini leo walipitia huko, wakijilipia karo kwa mishahara yao. Hata katika njia hiyo maswali ni yale yale mawili kabla ya kulipa shilingi ya kwanza: je, kozi hii katika kampasi hii imo katika orodha ya Baraza, na je, waliotangulia wamepata indeksi?